Optimus Prime MP-10: Roboti ya Kuweka Kabatini

Kwa miezi kumi sasa roboti hii, mdoli unaogeuka kuwa lori, imesimama katika kabati la kioo sebuleni kwangu, Tanga, mkono wa kulia ukiwa umeinua bunduki na mguu mmoja ukiwa umetangulia, na tangu siku niliyoiweka hapo haijainama wala haijalegea. Naanza na jambo hilo kwa sababu ndilo ambalo mnunuzi wa roboti ya maonyesho anapaswa kuliuliza kabla ya mengine yote. Picha za kwenye boksi zinaonyesha mkao uliopangwa kwa dakika chache mbele ya kamera, lakini kabatini roboti inatakiwa kujishikilia yenyewe kwa miezi, katika joto la Februari na unyevu wa masika.

MP-10 ni ya kumi katika orodha ya Masterpiece, ambayo ni midoli ya Transformers, yaani roboti zinazogeuka kuwa magari na vitu vingine, inayotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji watu wazima. Orodha hiyo ilianza mwaka 2003, na ya kwanza kabisa ilikuwa pia Optimus Prime, kubwa zaidi na nzito zaidi kwa chuma. Mwaka 2011 kampuni ya Takara Tomy ya Japani ilimrudia mhusika yuleyule, ambaye Wajapani humwita Convoy, ikampunguza kimo hadi takriban sentimita 25 ili alingane na roboti za magari madogo zilizokusudiwa kusimama kando yake. Uamuzi huo wa kupunguza ukubwa ndio ulioifanya roboti hii ifae nyumba za kawaida, kwani inaingia kwenye rafu ya vitabu bila kuhitaji meza ya peke yake.

Nianze na lori, maana huko ndiko roboti nyingi za aina hii hushindwa. Roboti ikipendeza, mara nyingi gari lake huwa ni fungu la vipande vilivyokunjwa, huku vidole vikichungulia chini ya injini. Hapa kichwa cha lori ni kichwa cha lori kweli: uso bapa, vioo viwili vya mbele, grili, bampa, mabomba mawili ya ekzosi na magurudumu sita yanayogusa meza yote kwa pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Segera akatazama malori yakipita kuelekea Moshi ataitambua sura hiyo mara moja. Marekani yenyewe imekaribia kuisahau. Zamani sheria za huko zilibana urefu wa lori pamoja na tela lake, hivyo dereva akawekwa juu ya injini ili nafasi ibaki kwa mzigo. Sheria ya mwaka 1982 ilipolegeza kipimo hicho, malori ya pua ndefu yakatawala barabara zao. Mdoli wa kwanza wa mhusika huyu ulitengenezwa Japani kwa ajili ya mfululizo wa midoli wa Diaclone kabla kampuni ya Hasbro haijauingiza Marekani kwa jina la Transformers mwaka 1984, kwa hiyo umehifadhi sura ya lori la zama zile, ambayo kwetu bado ni sura ya kila siku.

Kugeuza lori kuwa roboti kulinichukua karibu dakika arobaini mara ya kwanza, karatasi ya maelekezo ikiwa mapajani. Sasa sifikishi dakika kumi. Sehemu ya nyuma ya lori hugawanyika kuwa miguu, mikono hutoka ubavuni mwa kichwa cha lori, ngumi hujitokeza kutoka ndani ya mikono, na kichwa cha roboti huinuka kutoka katikati ya kiwiliwili. Vioo vya mbele vya dereva ndivyo vinavyokuwa kifua, na grili hushuka ikawa tumbo. Hakuna kipande kinachochomolewa na kuwekwa pembeni ili umbo likamilike. Kwangu hilo ni suala la uaminifu wa mbuni: roboti inayogeuka iwe imegeuka yote, si nusu igeuke na nusu ifichwe kwenye droo.

Ukiinua mguu polepole utasikia viungo vya nyonga vikilia ka, ka, ka, jino baada ya jino, na kila mlio ni mahali ambapo mguu utatulia. Niliithamini sauti hiyo kwa sababu kabla ya hii nilinunua nakala bandia kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kwa macho ilikuwa ileile, hata rangi nyekundu ilikuwa nzuri. Wiki ya pili nyonga zikalegea, na asubuhi moja niliikuta imelala kifudifudi juu ya kioo cha rafu, bomba moja la ekzosi likiwa limevunjika. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Kwa hiyo anayeshika roboti hii dukani au kwa mtu anayeiuza, azungushe nyonga na mabega kwanza kabla ya kusifu rangi.

Vifaa vinavyoambatana nayo ni vingi na vina maana. Bunduki hukunjika ikahifadhiwa mgongoni, jambo linalomaanisha kwamba haitapotea unapoirudisha katika umbo la lori. Lipo shoka linalopenya mwanga ambalo huvishwa mahali pa ngumi, na kifua hufunguka kuonyesha Matrix, kito cha uongozi ambacho watazamaji wa katuni ya zamani ya Transformers wanakijua vyema. Tela nalo hufunguka likawa kituo cha matengenezo, na ndani yake kuna Roller, kigari cha magurudumu sita. Likifungwa linaweza kubeba mojawapo ya roboti ndogo za magari zikiwa katika umbo la gari. Ila tela hilo linataka nafasi. Mwenye rafu moja atalazimika kuchagua, na ushauri wangu ni kusimamisha roboti mbele na kulipanga tela nyuma yake likiwa limefungwa, kwani likifunguliwa linameza rafu yote.

Wapo watakaouliza kwa nini nisichague MP-44 ya mwaka 2019, Optimus Prime mwingine wa orodha hiyohiyo, iliyo karibu zaidi na mchoro wa katuni. Ni kazi ya ufundi mkubwa, nami naiheshimu. Hata hivyo, imejaa vipande vyembamba vinavyokunjwa juu ya vingine, na kwa mtu anayependa kubadilisha umbo kila baada ya wiki chache, kama nifanyavyo, napendelea roboti ambayo mkono unaweza kuizoea. Anayetaka kuisimamisha mara moja na kuiacha hivyo kwa miaka anaweza kuamua tofauti na asiwe amekosea.

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari kuna tahadhari ya ziada. Skrubu na pini za ndani ni za chuma, na hewa ya chumvi haina huruma. Nimeweka vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwenye pembe za kabati, na ninavibadilisha kila msimu wa mvua. Kabati liko upande wa ukuta usiopigwa na jua, kwa kuwa jua hupausha rangi nyekundu na kudhoofisha plastiki. Vumbi naliondoa kwa brashi laini ya rangi, bila maji.

Toleo hili limerudiwa kutengenezwa mara kadhaa, hivyo nakala halisi bado zinapatikana, hasa kwa wakusanyaji wanaopunguza makabati yao. Yangu niliipata kwa njia hiyo, ikiwa na boksi lake, maelekezo na vifaa vyote isipokuwa alama za kubandika. Katika hesabu weka usafirishaji na ushuru wa forodha tangu mwanzo, na umwombe muuzaji picha ya roboti ikiwa imesimama kwa mguu mmoja bila kuegemezwa.