TAHADHARI: Anayeuza vibali vya Kilimanjaro njia ya Marangu ni tapeli, msimtumie hata shilingi

Ndugu zangu, kama kuna mtu amewaahidi kibali na vibanda vya kulala vya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, anajitambulisha kama ofisa wa kampuni ya utalii ya Moshi, anaongea taratibu na kwa adabu, kila baada ya maneno mawili ni "dada yangu" au "kaka yangu", simamisheni malipo sasa hivi. Msisubiri kumaliza kusoma. Kama pesa imetoka leo, pigeni huduma kwa wateja ya mtandao wenu wa simu waizuie kabla hajaitoa.

Jina analotumia siliandiki, kwa sababu ni la kampuni ya kweli, ya watu wasiohusika kabisa. Wameibiwa jina, leseni na hata picha za magari yao. Namba zake zote za simu ziko polisi.

Wanaotufahamu wanajua safari hii ilianzaje baada ya kupanda Bondwa, kile kilele cha Uluguru kule Morogoro, kwa hiyo sirudii. Lengo lilikuwa moja: asubuhi ya tarehe 9 Desemba tuwe kileleni Uhuru, baba mdogo akiwa mbele yetu. Amezaliwa 1961, mwaka ule ule Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge kule juu, na tangu tukiwa wadogo anatusimulia kwamba kabla hajafa atasimama pale. Amestaafu, miguu bado ina nguvu, kwenye mazoezi ya vilima vya Pugu alikuwa anatuacha nyuma sisi wote. Huyu ndiye mtu ambaye yule shetani amemla pesa ya kiinua mgongo.

Nawaeleza ilivyokuwa, neno kwa neno, maana bado naisikia sauti yake masikioni.

Ilikuwa yapata saa tatu usiku. Nimeshakusanya michango ya watu wote, pesa iko kwenye simu yangu, na siku nzima alikuwa ananiambia nafasi za kibanda cha Kibo zinaisha. Akanitumia kontrol namba. Naomba mnielewe hapo: ilikuwa na tarakimu 12, inaanza na 99, kama ya maji, kama ya ardhi, kama ya faini ya barabarani. Nikaingia kwenye malipo ya Serikali, nikaiandika taratibu huku binti yangu ananisomea tarakimu mbili mbili. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Kabla sijamwambia chochote simu ikaita, ni yeye.

"Dada yangu, umejaribu ikagoma, eeh? Hata wenzako wa Mwanza imewagomea. Mfumo leo unasumbua tangu mchana. Mimi niko hapa Marangu Mtoni kwa wakala wa benki, anataka kufunga. Nitumie mimi nilipie hapa hapa, risiti nakurushia."

Nyuma yake nasikia watu wanaongea, pikipiki inapita, mtu anaita abiria wa Himo. Nikamwambia subiri nimuulize mume wangu. Hakunikatalia, hakukasirika. Akasema, "Muulize kabisa dada, pesa ya watu si ya kuchezea. Ila mimi huyu wakala namshikilia dakika kumi tu." Kisha akakata simu yeye mwenyewe.

Mume wangu akampigia. Akamsalimia kwa Kichaga, akamuuliza kwao wapi. Mume wangu akasema Kibosho. Yule mtu akaanza kumtajia Umbwe na Singa, akamuuliza habari za mvua na kahawa, mpaka mume wangu akacheka. Sasa niambieni, nani angebaki na shaka baada ya hapo? Nikatuma. Jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Nilimuuliza, akajibu bila kusita kwamba ni mhasibu wa ofisi, pesa za hifadhi zote zinapitia kwake. Kampuni ngapi ndogo mjini hapa tunazilipa kwa simu ya mhasibu?

Muda si muda kibali kikaingia. Karatasi yenye nembo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, majina yetu yote, namba za NIDA, na vibanda vimepangwa siku kwa siku: Mandara tarehe 6, Horombo tarehe 7, Kibo tarehe 8, Horombo tena tarehe 9 wakati wa kushuka. Chini kuna muhuri na ile michoro ya miraba ya kuskani. Baba mdogo aliomba atumiwe na yeye, akaenda kukichapisha kwa rangi, akakiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti chake cha daktari.

Watu wananiuliza kwenye simu, "uliaminije?" Niliamini kwa sababu mtu huyu alikuwa anaujua mlima. Yeye ndiye aliyenifafanulia kwamba Marangu ndiyo njia pekee ya vibanda, njia nyingine zote unalala kwenye hema, na kwamba kwa sababu hiyo Marangu kuna kikomo cha vitanda: Mandara na Kibo ni kama sitini tu, vikijaa vimejaa. Ni kweli. Alinieleza kwamba mwananchi analipa ada kwa shilingi wakati mgeni anatozwa kwa dola, na ndiyo maana anahitaji vitambulisho vyetu kuthibitisha uraia. Ni kweli. Alisema mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, habebi zaidi ya kilo 20 zilizowekwa na hifadhi na getini kuna mizani, kwa hiyo tupange mabegi vizuri. Kweli tupu. Alituma leseni ya utalii ya kampuni, namba ya mlipa kodi (TIN), na picha yake amevaa koti zito Horombo, nyuma yake Mawenzi inaonekana. Alimshauri baba mdogo apime presha. Bei yake haikuwa ya kutupa, ilikuwa karibu sawa na ya kampuni nyingine mbili nilizoulizia. Angesema laki mbili kwa kichwa ningemfukuza siku hiyo hiyo.

Amejifunza ukweli wote wa mlima ili auingizie uongo mmoja katikati. Mtu wa namna hii ni hatari kuliko wale wa "tuma kwenye namba hii".

Siku ya safari alikuwa atupokee stendi ya Moshi. Tumeshuka, hayupo. Kapiga mwenyewe, gari limetangulia getini na vyakula na wagumu, tuchukue Noah tutakuta vijana wanatusubiri. Mpaka hapo anapokea simu! Tumefika Marangu Mtoni anapokea. Tumepandisha kule juu, migomba na mikahawa inaisha, baridi inaanza, watu wanaimba ndani ya gari. Tumeshuka getini, napiga, haipatikani. Haijapatikana tena mpaka leo.

Pale getini kumejaa. Wageni wanajiandikisha, wagumu wamepanga mstari kwenye mizani, waongozaji wanaita majina ya watu wao. Sisi tumesimama na mabegi yetu, hakuna anayetuita. Baba mdogo akasema ngoja nikaulize ofisini, akatoa bahasha yake. Nilikuwa pembeni yake. Askari wa hifadhi, kijana mpole sana, aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaandika kwenye kompyuta, akaangalia karatasi, akaandika upya. Akamuuliza, "Mzee shikamoo, mwongozaji wenu yuko wapi?" Baba mdogo akajibu anakuja. Kijana akageuza skrini tuione. Akasema namba hii ya malipo haipo, na kampuni hii ipo lakini leo haina kikundi kinachoingia. Halafu akaweka kidole kwenye majina yetu pale kwenye karatasi. Maandishi ya majina yalikuwa meusi zaidi na yamesogea kidogo kulia, kama yamebandikwa juu ya majina ya watu wengine.

Baba mdogo hakusema neno. Aliikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na wagumu. Kijana mmoja akamsogezea chai. Mimi nililia mbele za wageni, sioni aibu kuliandika hilo, aibu ni ya yule aliyefanya hivi. Wenzangu wengine walianza kuniangalia mimi kama ndiye mwizi, kwa sababu pesa ilipitia mkononi kwangu. Nimeshawatumia wote muamala na ujumbe wote wa sauti. Anayeendelea kunisema kwa watu aje aniulize mimi.

Na wale wanaosema "si mngelipia pale pale mkapanda": haiwezekani. Geti halipokei pesa taslimu, na tangu 1991 huruhusiwi kupanda bila kampuni iliyosajiliwa na mwongozaji mwenye leseni. Kampuni moja iliyokuwepo ilijaribu kutusaidia, Mungu awabariki, lakini vitanda vya usiku ule vilikuwa vimejaa kweli. Wengine walibaki kwa ndugu, wengine tulirudi Dar. Tarehe 9 baba mdogo aliangalia sherehe kwenye televisheni.

Sasa dalili, naziandika kadiri ninavyozikumbuka. Kontrol namba ikigoma, malipo yaishie hapo. Hakuna cha "nitumie mimi nilipie". Ikikubali kesho lipa kesho. Jina linalotokea kwenye simu likiwa la mtu binafsi, acha. Kibali cha Kilimanjaro hakiuzwi peke yake kama tiketi ya basi, kampuni ndiyo inayokiomba kwenye mfumo wa hifadhi pamoja na mwongozaji na wagumu, kwa hiyo mtu anayekuuzia "kibali na vibanda kwanza, mengine tutamalizana Moshi" anakuchimbia shimo. Huyu wetu alikataa kupigiwa kwa video, mara mtandao, mara yuko porini. Pia hakutaka ndugu yetu wa Moshi apite ofisini kwao, alisema wanahama jengo. Leseni aliyotuma ilikuwa halali, kwa hiyo leseni peke yake haitoshi. Tafuta namba ya kampuni wewe mwenyewe, mahali pengine, usitumie aliyokupa yeye, upige uulize kama wanamjua. Au piga hifadhi na jina la kampuni na tarehe, kabla hujapanda basi.

Halafu kuna la NIDA, na hili linaninyima usingizi kuliko pesa. Ana namba na picha za vitambulisho vya watu wazima wote wa kundi letu. Kila mmoja wenu aliyempa kitambulisho apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na akiona asiyoijua akaifute kwa mtandao husika. Namba za tapeli tumeni kwenda 15040.

Lakini mimi simalizii kwenye kufungiwa laini. Laini zote nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Yule "mhasibu" ana kidole, ana sura, ana kata anayoishi. Pesa imetolewa kwa wakala mwenye kibanda na kitabu cha kusaini. Inashindikana nini kumkamata? Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike kwa huyu. Afungwe, na kabla ya kufungwa arudishe pesa ya kila mtu, na kila alichonunua kwa jasho la wastaafu kiuzwe. Na kama kuna mtu wa ndani ya biashara hii ya utalii anayempa mfano wa vibali halisi, maana karatasi ile ilitengenezwa kutokana na kibali halisi, huyo anyang'anywe leseni asiongoze hata mbuzi. Kilimanjaro inalisha familia nyingi sana za Marangu, Machame na Moshi mjini, wagumu wanabeba mizigo kwenye baridi kali kwa ujira mdogo, halafu mtu mmoja anakaa na simu anaharibu jina la wote.

Vyama vya wagumu na waongozaji, tafadhali saidieni. Picha ya Horombo yenye koti jekundu na kofia ya kusuka nimeihifadhi. Kama sura ni yake, kuna mtu kule amepanda naye. Kama nayo kaiiba, mwenye picha ajitokeze tumtoe kwenye hili.

Kwenye ile simu ya usiku alitaja wenzetu wa Mwanza, yaani kundi lingine. Inawezekana hawapo, inawezekana wapo na wamelipa kwa safari ya mbele na hadi sasa wanapanga mabegi. Kama ni ninyi, au mnawajua, nendeni kituo cha polisi chochote mkachukue RB (namba ya taarifa ya polisi), mje na muamala na ujumbe wa sauti, msivifute, kisha mnitumie namba ya RB yenu. Ofisa anayeshughulikia jalada letu amesema malalamiko yakiwa mengi kwa namba moja anaomba kibali cha mahakama kupata taarifa za miamala kwa haraka zaidi. Sisi tumeshafungua letu. Tunawasubiri.