Waterford Greenway kwa baiskeli: mlima wake ni upepo

Mama aliponipigia kutoka Moshi nikamwambia nimelipa hela ili nishinde naendesha baiskeli, alicheka mpaka simu ikakatika. Kwetu baiskeli ni ya kubebea majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi. Nani anaikodi kwenda kutazama bahari?

Ningelipa tena, lakini. Waterford Greenway iko kusini mwa Ireland, juu ya tuta la reli iliyoacha kubeba abiria 1967. Mwaka 2017 ilifunguliwa kama njia ya lami ya baiskeli na waenda kwa miguu, kilomita 46 toka Waterford hadi Dungarvan. Kiingilio hakuna, unalipia baiskeli tu. Mimi na mke wangu tulichukua nusu yake: toka Kilmacthomas, kijiji cha bara, mpaka Dungarvan pwani.

Treni haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo njia karibu yote ni tambarare. Usidanganyike. Upepo wa huko mara nyingi unatoka kusini-magharibi, na ukielekea Dungarvan unakupiga kifuani kama mtu anakuzuia mlangoni. Mwenye watoto au magoti mabovu aanzie Dungarvan, asukumwe. Mimi bado ningeanzia bara, kwa sababu ya handaki.

Handaki la Ballyvoyle lina urefu wa mita 400 hivi. Kabla hujaingia unapita katikati ya kuta za mwamba zilizoota makangaga, maji yanachuruzika, mwanga wenyewe kama wa kijani. Ndani kuna taa hafifu na baridi ya ghafla. Tone moja lilinidondokea shingoni nikapiga kelele, na sauti ikanirudia toka mbele. Ukitoka unavuka daraja refu lililolipuliwa 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, likajengwa upya. Mbele kidogo, mkono wa kushoto, bahari hiyo. Tulishuka bila kuambizana.

Sasa kero. Baiskeli niliyopewa kiti chake kilikuwa kinashuka kidogo kidogo. Kila baada ya kilomita mbili magoti yanakaribia kidevu. Niliwapigia waliotukodisha mara tatu, hawakupokea. Nikakunja tiketi ya basi mara nne, nikaichomeka kwenye kibano cha nguzo ya kiti, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Ilinifikisha. Wakati wa kurudisha nikaambiwa asubuhi ilikuwa nzima. Kwa hiyo kabla hujaondoka kalia kiti kwa uzito wako wote, jaribu breki zote mbili, uliza pampu na tyubu ya akiba.

Bebeni pia koti la mvua hata kama jua linawaka. Sisi tulinyeshewa mara mbili kabla ya saa sita.

Jioni nilimtumia mama picha nikiwa darajani na baiskeli yangu. Akajibu: "Mbona haina keria?"