Stashahada kwanza au shahada moja kwa moja? Tathmini ya njia za uuguzi kwa mzazi wa Tanga anayelea peke yake

Kama mshahara wako ndio unaolipa kodi ya chumba Makorora au Duga, na watoto hawana mwingine wa kuwaamsha asubuhi, tunapendekeza stashahada ya uuguzi kwanza, shahada baadaye ukiwa kazini. Ada ni mzigo na masomo ni magumu, lakini tunaona wazazi wengi wakikwamia kwenye rosta ya wodini, yaani ratiba ya zamu za mazoezi.

Shahada ya moja kwa moja ni miaka minne darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa mafunzo tarajali, ambao unaweza kupangiwa mkoa wowote. Inataka ufaulu wa kidato cha sita katika Kemia, Baiolojia na somo la tatu kama Fizikia. Kwa mtu wa Tanga maana yake ni kuhamia Dar es Salaam, Dodoma, Moshi au Mwanza. Mwenye bibi au shangazi wa kukaa na watoto muda wote huo, na mkopo wa Bodi ya Mikopo mkononi, aichukue bila wasiwasi. Ni elimu nzuri. Asiye na mtu, asijidanganye kwamba atarudi kila wikendi.

Stashahada ni miaka mitatu, NTA (tuzo za taifa za elimu ya ufundi) ngazi ya 4, 5 na 6, na vyuo viko Tanga mjini, Muheza na Korogwe. Aliye Bagamoyo naye ana chuo pale pale. Sharti kuu ni kidato cha nne chenye D nne au zaidi, masomo ya dini hayahesabiwi, na lazima Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo. Tunaipenda njia hii kwa sababu moja kubwa: ukimaliza ngazi ya 5 una cheti. Mtoto akiugua sana au kazi ikiyumba, miaka miwili ile haijapotea. Ukimaliza ngazi ya 6 unafanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na ukifaulu unasajiliwa.

Sasa rosta. Kabla ya kulipa hata shilingi, nenda chuoni uombe kuona ratiba ya mazoezi ya muhula uliopita. Si ratiba ya vipindi, hiyo haikuambii kitu. Tazama zamu za usiku zinaanza mwaka wa ngapi, zinafuatana siku ngapi, na mazoezi ya afya ya jamii yanafanyika wapi. Hayo huwa vijijini, wiki kadhaa, na mwanafunzi hulala huko huko. Zamu ya usiku inaisha asubuhi wakati mtoto wa darasa la kwanza anapaswa kuwa shuleni tayari, nani atamvalisha? Mpate mtu huyo, kwa jina, kabla ya muhula kuanza. Saa za mazoezi zikipungua, kitabu cha mazoezi hakisainiwi, na kisiposainiwa unaweza kuzuiwa mtihani. Hapo ndipo mtu mwenye akili nzuri kabisa anarudia mwaka.

Kwa hiyo tangazo lolote la stashahada ya uuguzi ya jioni na wikendi peke yake lichunguzwe sana. Wodi haifungwi saa tisa na nusu. Tafuta jina la chuo na la kozi kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka huo. Kama havimo, weka pesa yako mfukoni.

Kuhusu mkopo: stashahada za fani za kipaumbele zilianza kukopeshwa mwaka wa masomo 2023/2024, na afya imo. Lakini si kila kozi ya afya. Soma jina la kozi yako kwenye mwongozo wa Bodi, herufi kwa herufi, usitegemee maneno ya mtu wa stesheneri. Na ukiuliza ada, omba mchanganuo wote: sare, bima, mitihani, vifaa vya kuzalishia, nauli ya fildi.

Kwenda shahada baadaye, kinachofungua mlango ni GPA (wastani wa alama) ya stashahada, na kiwango kinachotakiwa mara nyingi ni 3.0. Kwa hiyo sapu (mitihani ya marudio) za mwaka wa kwanza zinauma kuliko zinavyoonekana. Kwa mwenye stashahada anayeendelea na kazi, programu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na Bagamoyo iko karibu nayo kuliko Tanga. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo ya matroni haimlindi akihamishwa huyo matroni.

Mambo madogo ya kuanza mapema: chanjo ya homa ya ini B ina dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, hivyo anza kabla ya udahili. Nunua saa yenye mshale wa sekunde, kwa kuwa mapigo ya moyo huhesabiwa dakika nzima na simu hairuhusiwi kitandani kwa mgonjwa. Na kama cheti cha kidato cha nne kina jina la ubini na kitambulisho kina jina la ndoa, shughulikia hati ya kiapo sasa, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.