Migeuko ya tamthilia za upelelezi: uzoefu wangu wa kuzitazama mara ya pili

Tahadhari mapema: hapa namwaga mtama kwenye kuku wengi. Nitawataja kwa majina wauaji wa Broadchurch na Mare of Easttown, na yule mtu wa nne wa Line of Duty. Ambaye hajazitazama na bado anataka kushtuka mwenyewe, aishie mstari huu.

Kipimo ninachotumia kwa mgeuko, yaani pale hadithi inapobadilika ghafla kinyume na ulivyodhani, ni kimoja. Narudi sehemu ya kwanza nikiwa tayari namjua muuaji. Maonyesho yale yale yakinisimulia jambo jingine kabisa, na kila alichofanya muuaji kikaingia akilini, mgeuko huo nimeukubali. Yakibaki kama yalivyokuwa, au muuaji akiwa anatenda kana kwamba naye hajui alichokifanya, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mshtuko peke yake siuhesabu. Mtu yeyote hushtuka akipigiwa kelele sikioni.

Broadchurch, msimu wa kwanza (Uingereza, 2013, sehemu 8), ndiyo inayofaulu vizuri kuliko zote ninazozijua. Danny Latimer, mtoto wa miaka 11, anakutwa amekufa ufukweni, na wapelelezi wawili, Alec Hardy na Ellie Miller, wanauchunguza mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake. Muuaji ni Joe, mume wa Ellie. Ukiitazama mara ya kwanza, Joe ni kama samani za nyumba: anabeba mtoto mdogo, anashughulika na mambo ya nyumbani, anamsikiliza mkewe akirudi kazini amechoka. Mwandishi Chris Chibnall hakumficha hata kidogo. Hardy anaalikwa chakula cha jioni kwa akina Miller na kuketi meza moja na mtu anayemtafuta. Tom, mtoto wa Ellie aliyekuwa rafiki wa Danny, anapohojiwa na polisi, mtu mzima anayekaa kando yake ni Joe, kwa kuwa mama hawezi kuwa mpelelezi na mzazi kwa wakati mmoja. Rudia onyesho hilo, na safari hii mwache mtoto, mtazame baba.

Ila kilichonifanya niiweke juu ya nyingine ni swali moja tu. Ellie anamhoji Susan Wright, mwanamke ambaye mumewe aliwatendea watoto wao maovu ndani ya nyumba yao wenyewe, na anamuuliza iliwezekanaje asijue. Unapolisikia mara ya kwanza unakuwa upande wa Ellie. Katika sehemu ya 8, Beth, mama yake Danny na rafiki wa Ellie, anamrudishia swali lile lile. Mgeuko hasa uko hapo, jina la muuaji ni nusu yake tu. Na jina lenyewe linatoka mapema katika sehemu hiyo ya mwisho, kisha muda unaobaki unatumika kuonyesha linavyowavunja walio hai. Tamthilia nyingi hulitoa jina zikiwa zimebakiwa na dakika tatu, pingu zinafungwa, muziki unapanda, kwisha habari.

Ukitaka kupima mwenyewe, simama inapoisha ile sehemu inayotangulia ya mwisho: ya 7 kati ya 8, au ya 6 kati ya 7. Andika majina matatu. Mbele ya kila jina andika kitu kimoja ulichokiona kwa macho, pamoja na namba ya sehemu na dakika. "Ana macho ya ujanja" haiandikwi. Halafu maliza. Muuaji asipokuwemo kwenye karatasi yako bado si kosa la mwandishi, maana labda umepigwa changa la macho kihalali. Kosa lake linaanza pale vitu vitatu vinapokosekana: muuaji awe ameonekana na kusema kabla robo ya kwanza ya msimu haijapita, awe alikuwa na nafasi ya kutenda, na awepo ushahidi wa kushikika, simu au bunduki au funguo, ambao kamera ilikwishaupitia. Sharti la kwanza si langu. Ronald Knox alipoandika kanuni zake kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929 alianza na hilo hilo, kwamba mhalifu atajwe mapema. Karibu miaka mia imepita na bado tunaletewa binamu aliyeingia sehemu ya mwisho.

Mare of Easttown (Marekani, 2021, sehemu 7) inapita mtihani huo, lakini ina doa. Erin McMenamin ameuawa kwa risasi, na nyingine imemkata kidole. Sehemu ya mwisho inatupa John Ross, anakamatwa na kukiri. Mtazamaji mwenye saa mkononi anaanza kuhoji hapo hapo, maana muda uliobaki ni mwingi mno kwa kesi iliyokwisha. Kisha Bwana Carroll, mzee mjane, anamwambia Mare, mpelelezi wa kesi hiyo, kwamba bastola yake ya zamani ilitoweka kwenye kibanda cha nje na baadaye ikarudi, na risasi mbili hazipo. Anayefika pale kufanya kazi za uani ni Ryan, mtoto wa John na wa Lori, rafiki mkubwa wa Mare. Rudi sasa sehemu ya kwanza. Nyumba ya kwanza tunayoingia pamoja na Mare ni ya akina Carroll, mke wa mzee, wakati huo bado hai, akilalamika kuhusu mtu aliyekuwa akichungulia. Mtazamaji analichukulia kama onyesho la kutufahamisha kazi za polisi wa mji mdogo. Kumbe tumepelekwa mlangoni pa silaha yenyewe. Risasi mbili, kidole na kichwa: hesabu inakubali.

Doa ni ile picha. Mwishoni mwa sehemu ya 6 mkuu wa polisi anakabidhiwa picha, anaitazama, anashtuka, anataka Mare apigiwe simu haraka. Sisi hatuonyeshwi. Huo ndio ujanja ninaouchukia kuliko wote katika aina hii ya tamthilia. Mpelelezi anajua, kamera iko begani kwake, ila uso wake ndio tunaoonyeshwa badala ya karatasi. Taharuki ya namna hiyo inatokana na kunyimwa, wala hakuna fumbo. Mare inasameheka kwa sababu picha ile inaelekeza kwa John, si kwa Ryan, na hivyo inasaidia kutupoteza njia. Kwingine haina kazi yoyote zaidi ya kukufanya ubonyeze sehemu inayofuata.

Kuhusu saa, jambo hili linaharibu migeuko mingi kuliko uandishi mbaya. Sehemu ya dakika 45 ikimkamata mtu dakika ya 25, huyo siye. Msimu ukimkamata mtu katikati, huyo ana siri, ila ni siri nyingine: mara nyingi alikuwa na hawara usiku ule na anaona aibu kusema. Dawa ninayoipendekeza ni ya kimwili kabisa: ukisimamisha, usiguse kitufe kinachoonyesha mstari wa muda. Kwenye programu nyingi kugusa skrini au rimoti mara moja tu kunatoa mstari huo pamoja na dakika zilizobaki, na ukishauona huwezi kuusahau.

Kuna na suala la sura maarufu. Mwigizaji anayefahamika akipewa mistari minne katika sehemu ya 2, mkumbuke, hakulipwa aje kufungua mlango. Upande wa pili wa shilingi ni imani yetu kwamba steringi hafi. Line of Duty waliichezea imani hiyo vizuri sana mwaka 2014, katika msimu wa pili. Walimleta Jessica Raine, mwigizaji aliyekwisha kuongoza tamthilia nyingine kubwa, akiwa mpelelezi mpya wa kikosi kinachochunguza polisi wala rushwa, tukamkaribisha kama mtu wa msimu mzima. Sehemu ya kwanza haikuisha kabla hajarushwa nje ya dirisha la hospitali. Haikuhitaji ushahidi wowote wa nyuma, kwa kuwa mgeuko huo unahusu mazoea ya mtazamaji, na mtazamaji ndiye aliyejiingiza mkenge mwenyewe. Mbinu hiyo hufanya kazi mara moja kwa kila tamthilia. Ikirudiwa, watu wanaanza kuwasubiri wageni wafe.

Tamthilia hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mgeuko unaweza kuwa wa haki na bado ukawa baridi. Msimu wa sita ulifungwa tarehe 2 Mei 2021, watazamaji zaidi ya milioni 12 wakisubiri kumjua "mtu wa nne", kigogo wa polisi anayelinda genge. Akatoka Ian Buckells, ofisa mvivu ambaye tumemcheka tangu msimu wa kwanza. Wengi walikasirika. Kwa kipimo changu anapita: yupo tangu mwanzo, alikuwa na nafasi, na ushahidi upo, yaani neno la Kiingereza "definitely" ambalo katika jumbe za siri limeandikwa mara kwa mara kwa herufi a mahali pa i. Unaweza kurudi nyuma na kuliona kwenye skrini. Kilichokosekana ni uzito. Kwa miaka kadhaa tuliandaliwa simba, akatoka panya, na ingawa mwandishi Jed Mercurio ana hoja (uovu ofisini mara nyingi ni uzembe uliopandishwa cheo), hoja hailipi deni la taharuki aliyoijenga mwenyewe.

Ushahidi wa kosa la tahajia una tatizo jingine kwa yeyote anayetegemea tafsiri. Maandishi ya chini ya skrini hutafsiri maana, hayatafsiri kosa. Mtafsiri akisahihisha, ushahidi umepotea. Kwa tamthilia inayochezea barua, jumbe au lafudhi, washa maandishi ya lugha ya asili hata kama unaisoma kwa shida, na tafsiri uiweke kwa maonyesho ya mazungumzo marefu.

Hata hivyo maandishi ya lugha ya asili nayo yana mdomo mpana. Yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri huandika jina la anayesema. Mtu aliyefunika uso akinong'ona gizani, chini panaandikwa jina lake, na msimu umekwisha kwako. Chagua aina ya kawaida isiyo na majina, kama ipo. Ruka pia muhtasari wa "tulipoishia" kuanzia katikati ya msimu kwenda mbele. Wahariri wake huchomeka sekunde chache za mtu ambaye hajaonekana kwa sehemu tatu, kwa sababu leo atahitajika, na hizo sekunde ni sawa na kidole kinachomnyooshea. Kwenye mipangilio ya akaunti zima sehemu inayofuata kujianzisha yenyewe, kwa kuwa picha ndogo ya sehemu ijayo mara nyingine humwonyesha akiwa mzima mtu ambaye sasa hivi amening'inia kwenye daraja. Na usitafute jina la mwigizaji katikati ya msimu. Kurasa za waigizaji huandika idadi ya sehemu walizocheza, na ukikuta 3 kati ya 8 umeshasoma tanzia.

Kuna kosa moja ambalo hakuna mpangilio wa rimoti utakaolitibu, nalo ni kuahidi jibu na kutolitoa. Forbrydelsen ya Denmark (2007) ilichukua sehemu 20, kila sehemu siku moja ya uchunguzi, na mwisho wa msimu muuaji akajulikana. Toleo la Marekani, The Killing, lilifika sehemu ya 13 mwezi Juni 2011 na kufunga msimu bila jibu, baada ya kuwauzia watu swali la nani alimuua Rosie Larsen. Ghadhabu ilikuwa kubwa, na jibu likaja msimu wa pili, 2012. Anayeianza leo asiuhesabu msimu wa kwanza kama kitu kizima. Panga sehemu 26 au usianze. Twin Peaks ilipatwa na ugonjwa wa upande wa pili: waliobuni hawakutaka kumtaja muuaji wa Laura Palmer, kituo kikashinikiza, akatajwa Novemba 1990, na baada ya hapo uzi uliokuwa ukiishona tamthilia nzima ukakatika. Mwaka uliofuata ikafutwa.

Asiyependa kabisa kupigwa changa, Columbo ipo. Muuaji unamwona akiua mwanzoni, na kazi yako ni kutazama kosa lake liko wapi.

Wapo wanaosema kumwaga mtama hakuharibu kitu, na huutaja utafiti wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa 2011, ambamo wasomaji walizipenda zaidi hadithi walizoambiwa mwisho wake. Ni kweli, ila zilikuwa hadithi fupi 12, za kusomwa kwa kikao kimoja. Msimu wa saa nane unaoutazama kwa wiki kadhaa unakufanya uishi na kushuku watu, na kushuku huko ndiko unakonyang'anywa. Mimi nasimama hapa: mara ya kwanza bila kujua, mara ya pili ukijua, na ambayo haivumilii mara ya pili ipate nyota mbili kati ya tano hata kama ilikurusha kitini.

Kwa anayeanza, Broadchurch msimu wa kwanza, sehemu mbili kwa usiku, karatasi ijazwe baada ya ya 7, na ya 8 itazamwe peke yake usiku wa tano. Msimu wa pili uache kwanza. Unaanza na Joe, aliyekwisha kukiri, akikana shitaka mahakamani, na kabla hujarudia ule wa kwanza hutajua kama hasira unayoipata ni kwake au kwa mwandishi.