Duka la Toad Lane, Rochdale: nimeenda kuona ushirika ulikoanzia, haya ndiyo niliyoyakuta

Jumamosi nilipanda tramu Manchester mpaka Rochdale, nikatembea kidogo nikafika Toad Lane namba 31, lile duka la ushirika walilofungua wafumaji wa hapo 1844, ambalo siku hizi ni makumbusho. Mimi ni mtu wa Moshi, neno ushirika nimelikuta nyumbani kama nilivyozikuta ndizi, babu alikuwa anapeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, kwa hiyo nikasema acha nikawaone hawa wenye asili ya mambo.

Kwanza mjue ni padogo. Usiende ukitegemea jumba. Chumba cha chini cha mbele wamekipanga kama kilivyokuwa 1844, mbao zimelazwa juu ya mapipa hiyo ndiyo kaunta, mizani, magunia, basi, mkiingia watu watano mnaanza kukanyagana. Hapo ndipo jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 jamaa wakafungua wakiwa na siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano, gunia moja la oti na mishumaa kidogo. Mangi, yaani mwenye duka wa mtaani kwetu, angecheka mpaka akae chini, na kweli walichekwa, vijana wa viwandani walijazana nje wanawazomea.

Sasa ukijua walikotoka hutacheka. Wengi walikuwa wafumaji wa flaneli, mashine zimewaua, mshahara wamedai nyongeza wakakosa, halafu hicho kidogo wanachopata wakienda dukani wanauziwa vitu vilivyochakachuliwa, chokaa kwenye unga, mchanga kwenye sukari, na mizani nayo imechezewa. Kuna waajiri walikuwa hata pesa hawatoi, wanakupa kuponi ukachukue vitu kwenye duka la bosi huyohuyo kwa bei anayotaka yeye. Ndiyo wakaanza kuchanga peni mbili kwa wiki, mpaka kila mmoja akafikisha pauni moja. Watu 28, pauni 28, hakuna mfadhili wala semina elekezi.

Kilichonikamata zaidi ni sheria yao ya kutokukopesha. Pale Rochdale duka la ushirika lilishawahi kufunguliwa miaka ya 1830 likafa haraka, kisa mali kauli, watu wanachukua halafu hawalipi. Hawa wakasema cash tu, hata kama wewe ndiye mwenyekiti. Nilivyosimama pale nikakumbuka saccos moja, chama cha kuweka akiba na kukopa, niliyokuwa mwanachama, siitaji jina, kamati yote ilikuwa imejikopesha yenyewe na sisi wa chini tukiuliza tunaambiwa tusubiri mkutano mkuu, mpaka leo naukumbuka ule mkutano mkuu maana haujaitishwa.

Halafu gawio lao, hapa ndipo akili ilipo. Faida hawakugawana kwa ukubwa wa hisa, hisa ilipata riba yenye kikomo tu, ziada inayobaki inarudi kwa wanunuzi kulingana na ulivyonunua. Yaani mama akinunua vitu vya pauni kumi kwa mwaka na jirani yake vya pauni moja, mama anarudishiwa mara kumi ya jirani. Kwa hiyo anakula na huku anajiwekea akiba bila kujibana, na ana sababu ya kutokwenda kwa mangi mwingine. Kura ni mtu mmoja kura moja hata uwe na hisa rundo, na wanawake waliruhusiwa kuwa wanachama na kupiga kura kabla hata serikali ya Uingereza haijawapa kura ya bunge. Baadaye wakatenga asilimia 2.5 ya ziada kwa ajili ya elimu, wakaweka maktaba humohumo juu ya duka, watu waliokuwa wanahesabu peni mbili!

Hiyo mtu mmoja kura moja ndiyo ilikuja mpaka kwetu, Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika 1932, mwaka uliofuata KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ikaandikishwa pale Moshi, ingawa wakulima wa Kilimanjaro walishaanza kujipanga na chama chao cha kahawa tangu 1925 kwa hiyo tusiseme tuliletewa kila kitu.

Mimi nawapa nyota tano, lisaa limoja na nusu linatosha, ila soma maelezo ukutani taratibu maana ukipita unapiga selfi tu utaona ni chumba chenye mapipa.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza mle ndani na wajukuu zake, akawa anawatajia namba ya uanachama ya mama yake, ile ya kuchukulia gawio, alikuwa anatumwa dukani akiwa mtoto na lazima aitaje bila kukosea, akaitaja kama anasoma shairi. Akaniuliza na sisi kwetu tulikuwa na namba. Nikampigia mama palepale, kasema kitabu cha babu cha chama kipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ngoja atafute miwani.