Tathmini ya FIFA ya waombaji wa Kombe la Dunia: tumeipitia ya 2010, 2018 na 2024

Ugomvi wa uenyeji unapozuka, watu hugombania nchi: Qatar na joto lake, Marekani na viza zake, Saudia na wafanyakazi wake. Hapa hatupitii nchi. Tunapitia ripoti ya tathmini, ile huduma ambayo FIFA huitoa kabla ya kura ili wapigaji kura wajue wanachonunua. Bei yake ni sifuri, inapakuliwa na yeyote kwenye tovuti ya FIFA, na tatizo lake la kwanza ni muda. Mwaka 2018 ilitoka tarehe 1 Juni na kura ikapigwa tarehe 13. Mwaka 2024 ilitoka mwishoni mwa Novemba na uamuzi ukafanyika tarehe 11 Desemba. Wiki mbili hazitimii, na kurasa ni mamia.

Hukumu yetu kabla hujachoka: ya 2010 ilisema kweli ikapuuzwa, ya 2018 ndiyo iliyotengenezwa vizuri zaidi, ya 2024 ina alama za kupendeza na karibu haina kazi.

Tuanze na ya 2010. Wakaguzi waliongozwa na Harold Mayne-Nicholls wa Chile, na walikuwa na maombi tisa mkononi ya michuano miwili, 2018 na 2022. Hakukuwa na alama. Kila kipengele kilipewa kiwango cha hatari: ya chini, ya kati au ya juu. Kati ya maombi yote tisa, ni Qatar peke yake iliyopewa hatari ya juu kwa jumla katika uendeshaji. Ripoti ikaandika wazi kwamba kucheza Juni na Julai, miezi yenye joto kali kuliko yote kule, ni hatari kwa afya ya wachezaji, viongozi na watazamaji. Haikufichwa kwenye kiambatisho. Ilikuwa kwenye muhtasari, mahali ambapo hata mvivu angeiona.

Tarehe 2 Desemba 2010 mjini Zurich wajumbe 22 wa Kamati ya Utendaji walipiga kura. Wangekuwa 24, ila Amos Adamu wa Nigeria na Reynald Temarii wa Tahiti walikuwa wamesimamishwa baada ya waandishi wa gazeti la Uingereza kuwatega. Qatar, iliyoomba michuano ya 2022, ilipata kura 11 raundi ya kwanza, ikamaliza raundi ya nne kwa 14 dhidi ya 8 za Marekani. Yaani nchi iliyotiwa alama nyekundu haikukosa kuongoza hata raundi moja. Kasoro ya bidhaa hii ndiyo hiyo: mfumo ule haukuwa na kiwango cha kumwondoa mwombaji. Hatari ya juu ilikuwa maoni tu. Mjumbe aliyeisoma na mjumbe aliyeifungia dirisha walikuwa na kura sawa, na kura yenyewe ilikuwa ya siri, hivyo hakuna aliyetakiwa kueleza kwa nini alipuuza ukaguzi. (Mayne-Nicholls naye alifungiwa na FIFA mwaka 2015, kwa sababu ya kuuliza nafasi za mazoezi kwa jamaa zake katika chuo cha Aspire cha Doha. Mkaguzi kuomba fadhila kwa anayekaguliwa ni doa ambalo ripoti nzuri haiwezi kulifuta.)

Je, utabiri wa ripoti ulitimia? Joto lilitimia: mwaka 2015 michuano ilihamishwa, na ikachezwa kuanzia 20 Novemba hadi 18 Desemba 2022, ligi za Ulaya zikasimama katikati ya msimu. Viwanja 12 vya kwenye maombi vikawa 8. Malazi yalibana, kiasi cha mashabiki kulazwa kwenye vibanda vya muda kwa takriban dola 200 kwa usiku, vingine wakivikuta havijakamilika. Upande wa sifa, udogo wa nchi ulifanya kazi: metro yenye njia tatu, bure kwa mwenye kadi ya shabiki iitwayo Hayya, na mtu kuweza kuona mechi mbili kwa siku moja bila kupanda ndege. Ila hata hapo palihitajika binadamu. Mashabiki wengi wataikumbuka zaidi sauti ya kijana Mkenya aliyekaa kwenye kiti kirefu pale sokoni Souq Waqif, Doha, akinyoosha kidole cha sponji na kuita "Metro, this way", kuliko kibao chochote.

Yasiyotabiriwa ni mawili. Tarehe 21 Novemba, kabla ya Uingereza kucheza na Iran, programu ya tiketi iligoma na tiketi zikapotea kwenye simu za watu walio getini. Na tarehe 18 Novemba, siku mbili kabla ya mechi ya kwanza, bia ilipigwa marufuku kuzunguka viwanja ingawa mdhamini alikuwa amelipia. Kwa msomaji wa Pwani hilo la bia huenda si msiba, lakini kwa anayesoma mikataba lina uzito: ripoti zote huhesabu dhamana ya serikali kama ulinzi, na hapa ilionekana kwamba serikali ikibadili nia siku mbili kabla, FIFA haina pa kwenda.

Sasa ya 2018, ya kumchagua mwenyeji wa 2026, ambayo ndiyo ya kujifunzia. Baada ya kura ile ya 2010, FIFA iliipeleka kura kwa mashirikisho yote, ikachapisha nani kapigia nani, na ikaweka alama kuanzia 0 hadi 5. Uzito wake uligawanywa hivi: viwanja 35%, usafiri 13%, vituo vya timu na waamuzi 6%, malazi 6%, teknolojia ya habari na kituo cha utangazaji 7%, maeneo ya mashabiki 3%. Hizo ni 70%. Zilizobaki 30% ni fedha: gharama za maandalizi 10, mapato ya matangazo na masoko 10, mapato ya tiketi na huduma za wageni maalumu 10. Na safari hii chujio lilikuwepo: chini ya 2 kwa jumla, au kwenye vipengele vya msingi kama viwanja, malazi na usafiri, mwombaji anaondolewa kabla ya kura.

Chukua kalamu uone linavyofanya kazi. Zidisha alama kwa uzito. Marekani, Kanada na Mexico walipata 4.1 kwenye viwanja: mara 35 ni 143.5. Morocco ilipata 2.3: ni 80.5. Pengo la pointi 63 kwa kipengele kimoja. Usafiri, 4.3 kwa 2.1: pengo la 28.6. Mapato ya tiketi, 5.0 kwa 2.4: pengo la 26. Jumla ya mwisho ilikuwa 402.8 kwa 274.9 kati ya 500, tofauti ya 127.9, na vipengele hivyo vitatu peke yake vinachukua 117.6. Kwenye gharama Morocco ilishinda, 3.0 kwa 2.0, lakini uzito wa 10 haukomboi kitu. Kura tarehe 13 Juni mjini Moscow: 134 kwa 65. Waliolalamika kwamba Afrika imeonewa walikuwa na hoja moja ya maana ambayo wengi hawakuitoa. Fomula ile inampa aliyejenga tayari. Morocco ilileta viwanja 14, tisa kati yake vikiwa bado havijajengwa kabisa. Kwa uzito wa 35%, mchezo ulikwisha kabla ya wakaguzi kupanda ndege.

Lakini angalia kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya uzito. Haki za binadamu na za wafanyakazi hazina asilimia hata moja. Zinapimwa pembeni, kwenye jedwali la hatari lenye chini, kati na juu, lile lile la 2010. Nchi inaweza kuandikiwa hatari ya juu kwenye haki na isipoteze hata nusu pointi. Vivyo hivyo tiketi: kinachopewa alama ni fedha itakayoingia. Geti, foleni, programu ya simu, vyote havipimwi. Ukitaka kujua ripoti hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani, jibu limo kwenye mgawanyo huo. Inampimia FIFA hatari na mapato yake. Shabiki na fundi wa zege wamo kama maelezo.

Ya 2024 inarithi kasoro hiyo na kuongeza yake. Tarehe 4 Oktoba 2023 FIFA ilitangaza kwamba 2030 itakwenda Morocco, Hispania na Ureno, na mechi za ufunguzi, za kuadhimisha miaka mia ya michuano, zichezwe Uruguay, Argentina na Paraguay. Kwa kutumia mabara matatu kwa mkupuo, na Amerika Kaskazini ikiwa imeshapewa 2026, 2034 ikabaki kwa Asia na Oceania tu. Mwisho wa kutangaza nia: 31 Oktoba. Siku 27 za kuandaa nia ya kubeba timu 48. Saudia ilitangaza siku ile ile ya kwanza. Australia ilijitoa siku ya mwisho. Idadi ya viwanja vilivyotakiwa kuwa tayari vipo ikashushwa kutoka saba hadi vinne, na Saudia ilikuwa na vinne vya kuonyesha kati ya 15. Vitatu vilikuwa vinajengwa, vinane vilikuwa kwenye michoro, kikiwemo kimoja cha mji mpya wa NEOM kilichopangwa kuwa mita 350 juu ya ardhi.

Alama zilizotolewa: 419.8 kati ya 500. Zaidi ya Marekani ya 2018 yenye viwanja vilivyosimama vyote. Usilinganishe alama za miaka tofauti, maana masharti hubadilika, lakini swali linabaki: alama hizi zilikuwa za kumsaidia nani kuchagua nini? Mwombaji alikuwa mmoja. Uamuzi ulipitishwa kwa makofi, kwa njia ya video, 2030 na 2034 kwa pamoja, kiasi kwamba shirikisho lililotaka moja na kukataa jingine halikuwa na njia ya kusema hivyo kwa makofi. Norway ilipeleka pingamizi lake kwa maandishi.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni ya haki za binadamu. FIFA iliandika hatari ya kati. Msingi wake ni tathmini ya kampuni ya mawakili ya AS&H Clifford Chance ya Riyadh, kurasa 39, na orodha ya haki za kuchunguzwa ilipangwa na shirikisho la soka la Saudia kwa makubaliano na FIFA. Anayekaguliwa kuchagua maswali ya mtihani wake. Miezi michache kabla, Juni 2024, chama cha kimataifa cha wafanyakazi wa ujenzi na mbao, BWI, kilikuwa kimepeleka malalamiko kwa Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, kuhusu Saudia kwa niaba ya wafanyakazi zaidi ya 20,000. Kwa familia za Kenya na Uganda zenye ndugu kule, neno "kati" si la kupita haraka. Kwenye ratiba ya michuano ripoti ilikuwa na ujasiri zaidi, ikakiri hatari iliyopanda kwa sababu ya hali ya hewa. Joto lile lile la 2010.

Ukiipakua mwenyewe, usianze na muhtasari. Nenda kwenye jedwali la viwanja na uhesabu makundi manne: vilivyopo, vya kukarabatiwa, vinavyojengwa, vilivyochorwa. Ukipata zaidi ya nusu kwenye makundi mawili ya mwisho, tarajia idadi ishuke kama Qatar ilivyoshuka. Kisha tafuta masharti ya chini ya mwaka huo na uyalinganishe na ya awamu iliyotangulia; panapolegezwa sharti ndipo mwombaji alipokuwa na upungufu. Sehemu ya haki soma kwanza ukurasa unaoeleza mipaka ya uchunguzi. Dhamana za serikali ziruke.

Kipimo hiki cha viwanja kinafaa hata kwa AFCON 2027. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipoipa PAMOJA (Kenya, Uganda na Tanzania) uenyeji tarehe 27 Septemba 2023 mjini Cairo, siku moja baada ya Algeria kujiondoa, Talanta ya Nairobi, uwanja wa Arusha na ule wa Hoima vyote vilikuwa kundi la nne. CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani iliyoandaliwa na nchi hizo hizo, ilikuwa onyo la bure: ilitakiwa kuanza Februari 2025, ikaahirishwa tarehe 14 Januari hadi Agosti ili miundombinu ikamilishwe. Na ilipochezwa, kilichoiumiza Nairobi hakikuwa nyasi wala taa. Ni watu kuvunja mageti Kasarani, CAF ikashusha idadi ya watazamaji hadi 60% na kulazimisha tiketi za kielektroniki. Mageti, kama tulivyosema, hayana uzito wowote kwenye fomula ya FIFA.

Alama zetu kwa kipimo chao cha 0 hadi 5: ya 2010 ni 2.5, ya 2018 ni 3.5, ya 2024 ni 1.5, na 1 kati ya hiyo 1.5 ni kwa ajili ya majedwali ya viwanja, ambayo bado ni mazuri.