Chuo kinatambulika. Na nani?

Niliuliza swali la maneno mawili tu, nikachekwa.

Nilikuwa natafuta kozi ya usaidizi wa kisheria, ile kazi ya kumwandalia wakili majalada, kumsakia kesi zilizokwisha amuliwa, kuandika rasimu za hati na kumsikiliza mteja kabla wakili hajamwona. Nikaona tangazo la chuo kimoja, herufi kubwa tupu: CHUO KINACHOTAMBULIKA. Nikapiga simu. Akapokea kijana wa udahili, sauti laini kama anauza manukato. Ada akanitajia. Muda wa kozi akanitajia. Nikasema, "Kaka, mmeandika mnatambulika. Na nani?"

Kimya.

"Tunatambulika, dada."

"Hapo nimeelewa. Ila na nani?"

"Kila mahali."

Jamani, Kila Mahali ni ofisi gani? Muhuri wake uko wapi? Nikamweleza kwa upole, maana wakati huo nilikuwa nao, kwamba kusajiliwa kama biashara ni jambo moja, chuo kupewa ithibati ni la pili, na kozi yenyewe kukubaliwa na chombo kinachosimamia wanasheria ni la tatu. Unaweza kuwa na mawili ya kwanza ukalikosa la tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dada, wewe unataka kusoma au unataka kutupeleka mahakamani?" Nyuma yake wenzake wakaangua kicheko.

Kicheko kile bado ninacho masikioni.

Maana si ujuaji. Mtu wa Ontario, Kanada, ambako Law Society, chombo kinachosimamia wanasheria, kinawasimamia kwa leseni wanaoitwa paralegal, yaani wasaidizi wa kisheria, tangu 2007, akisoma kozi ambayo chombo hicho hakijaikubali, mtihani wa leseni hauoni hata akipata A kila somo. Marekani nako ni habari nyingine. Huko sehemu kubwa haidai leseni, na chama chao cha mawakili, American Bar Association, kimekuwa kikiidhinisha programu tangu 1975, ila ni kwa hiari. Vipo vyuo vizuri tu ambavyo havijawahi kuomba. Kwa hiyo yule kijana angeniambia, "Dada yangu, bado hatujaomba, lakini mtaala wetu huu hapa, na waliomaliza wameajiriwa hapa na hapa," ningelipa siku ileile. Sikuhitaji muhuri kiasi hicho. Nilitaka tu nijibiwe kama mtu mzima.

Mtaniuliza, ukaenda kwingine? Sikwenda. Nilijiunga. Haya, chekeni na ninyi. Vipindi vya jioni vilinifaa, muhula ulikuwa mlangoni, nikajipoza kwamba mpokea simu si chuo.

Na hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kukisema vibaya. Mwalimu wa uandishi wa kisheria pale ni moto wa kuotea mbali. Siku moja alitugawia maelezo ya mteja wa kubuni: tarehe zimegongana, watu watatu wanaitwa "yule", katikati mteja ameacha habari ameanza kulalamikia ndugu zake. Akasema, toeni humo mambo matano anayoyahitaji wakili. Mwenzangu alitoa kumi na saba. Mimi tisa, na nikajiona bingwa. Karatasi ikarudi imejaa wino mwekundu, "Nani kasema?" kando ya kila mstari ambao nilikuwa nimechomeka maoni yangu kama vile ni maneno ya mteja. Mistari minne! Tangu hapo siandiki hata ujumbe wa kawaida bila kujiuliza hivyo. Ni yeye pia aliyetukariria mpaka tukaota: ukiwa chini ya wakili, mteja akikuuliza "nikubali au nikatae?", swali unalipeleka kwa wakili, hata kama jibu limekukaa kwenye ulimi. Kwa mwalimu huyu peke yake ningekipa chuo nyota nne. Haya, tano.

Kisha ukafika wakati wa mafunzo kwa vitendo. Chuo kilichosema "tutakusaidia kupata nafasi" kilinisaidia kwa barua moja, nikazunguke nayo mwenyewe. Ofisi ya kwanza ya mawakili, mama wa mapokezi akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimesahaulika huko, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hiki chuo chenu kinatambulika na nani?"

Nikafungua kinywa. Wallahi "kila mahali" ilikuwa inatoka.

Nikarudi chuoni nimevimba. Dirishani ni kijana yuleyule, safari hii ananitazama usoni. Nikamwambia nimeulizwa lile swali langu. Hata aibu hakuona. "Waambie tunatambulika," akasema, akarudi kwenye simu yake. Nyota zote tano zikafia pale dirishani.

Nafasi nilikuja kuipata, kwa sababu mwalimu yule alimpigia wakili anayefahamiana naye. Basi mnaotaka ushauri wangu: msiende. Au nendeni, lakini ulizeni kwanza kama mwalimu wa uandishi bado yupo, na nani hasa anatafuta nafasi za vitendo, ninyi au wao. Na wakiwaambia mkimaliza mtakuwa "mmethibitishwa", kaeni chonjo. Cheti cha chuo kinasema umemaliza masomo, basi. Kule Marekani, kwa mfano, cheo cha Certified Paralegal, yaani msaidizi wa kisheria aliyethibitishwa, hakitoki chuoni, kinatolewa na NALA, chama cha wasaidizi hao, kwa mtihani wake wenyewe, tangu 1976. Kwenye kipeperushi chetu mambo haya mawili yalikaa sentensi moja kama mapacha. Aliyekiandika nadhani namfahamu kwa sauti.

Juzijuzi wamenitumia ujumbe: "Mhitimu wetu mpendwa, tunaandaa tangazo jipya, tuandikie maoni yako." Nimewajibu kwa adabu kwamba nitaandika, wakishanijibu swali langu la zamani. Alama zimeonyesha wamesoma.

Kimya.